Macho na Kweli, Makaburini Karisoke

Dereva tulipatana dola 60 kutoka Musanze, Rwanda. Tulipofika chini ya mlima Bisoke zikawa 80, eti barabara ina mawe. Nikalipa, maana gari jingine halikuwepo, na hadi leo inaniuma. Gorila wenyewe sikwenda kuwaona. Wageni wa mbali hutozwa dola 1,500 tangu 2017, na mimi na fedha hizo wapi na wapi! Nilifuata kaburi la Dian Fossey, mtafiti wa gorila.

Njia ni tope la kumeza mguu hadi gotini, na pembeni kuna majani yanayowasha kama upupu, yanapenya hata suruali. Mchukuzi wangu, mzee aliyewahi kuishi Goma, alinidaka kila nilipoteleza. Nilipoanza kujikuna akaligusa jani moja kwa ncha ya fimbo.

"Haya majani njo alikuwaka anapiga nayo watu ya mitego."

Nikasimama. Nilikuwa nimesoma habari hizo, lakini kuzisikia huku paja linawaka ni jambo jingine.

"Mzee, Fossey ulimwona?"

"Nilikuwa mtoto. Papa yangu alikuwaka anatega. Pongo, haiko gorila. Ilikuwa nyama ya kula."

Alisema bila hasira, akiendelea kupanda.

Fossey alikuwa Mmarekani, akiwahudumia watoto wenye ulemavu hospitalini Kentucky kabla ya kuja huku. Vita vilimfukuza upande wa Congo, na tarehe 24 Septemba 1967 akapiga hema kati ya milima ya Karisimbi na Bisoke, akayaunganisha majina hayo kuiita kambi yake Karisoke. Kitanzi cha pongo hakichagui mguu, na gorila walinasa humo wakaoza vidole. Halafu, siku ya mwisho ya mwaka 1977, majangili wakamuua Digit, gorila dume aliyempenda kuliko wote, wakaondoka na kichwa na viganja. Alichoma vibanda vya majangili, akakamata watu, akavaa vinyago kuwatisha, na baada ya Digit ukali ukazidi. Usiku wa tarehe 26 Desemba 1985 aliuawa kwa panga kibandani mwake, na ubishi wa nani alimuua haujaisha.

Kambini pamebaki misingi iliyoota kuvu. Fossey amelazwa kando ya Digit, na jina la Nyiramachabelli limeandikwa kaburini. Mwenyewe alieleza kwamba maana yake ni mwanamke aishiye peke yake mlimani. Nilipofika kwenye kibao cha Macho nguvu ziliniishia. Alimpa gorila jina la Kiswahili kwa ajili ya macho yake makubwa! Macho alipigwa risasi Julai 1978, na mwanawe aliyejeruhiwa siku hiyo, Kweli, akafa miezi michache baadaye.

Nilimkumbuka mjomba wangu, askari wa wanyamapori Selous miaka yote ya utoto wangu. Alikosa mazishi ya mama yake kwa sababu ya doria. Nyumbani walisema amerukwa na akili, mkewe akasema ameoa tembo. Nami nilisema pamoja nao. Pale mlimani niliona aibu, kwa sababu mjomba hakuwahi kumchapa mtu. Alichokosa ni kuwa nasi tu. Fossey alipitiliza kwa kuchapa watu, sitamtetea kwa hilo. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 gorila wa milima hii ya Virunga walibaki kama 250, na hesabu ya 2015 na 2016 ikawakuta 604. Sijui mtu mwenye kiasi angekaa kwenye baridi hii miaka kumi na minane.

Mzee alikuwa anapangusa kibao cha Kweli kwa mkono wa koti. Nikamuuliza kama baba yake aliwahi kupanda kuliona kaburi.

"Hapana. Alisema miguu inamuuma."

Akanipa fimbo, tukaanza kushuka kabla mvua haijatukuta.