Kupanga mtaji hakukutosha: nilivyojifunza kupima odi

Ukikaa kijiweni na watu wanaobeti, ushauri utakaousikia mara nyingi ni kutenga mtaji, kuweka dau dogo na kutokimbiza hasara. Ni ushauri mzuri, na niliufuata tangu mwanzo. Hela ya kubeti niliiweka kwenye laini yake peke yake, mbali na kodi ya nyumba na ada za watoto, na dau langu halikuzidi asilimia 1 ya mtaji. Nilichotaka kujua ni kama nidhamu hiyo peke yake inaweza kuleta faida.

Haiwezi, na hesabu yake inafanyika kwa kalamu. Chukua mechi ambayo mabao zaidi ya 2.5 (yaani matatu au zaidi) yana odi 1.90, maana yake ukishinda unalipwa dau lako mara 1.90, na chini ya 2.5 pia 1.90. Gawanya 1 kwa 1.90 unapata asilimia 52.6, ambayo ndiyo uwezekano uliomo ndani ya odi hiyo. Pande mbili zinafika 105 na kidogo, wakati zilipaswa kuwa 100. Hiyo ziada ni chakula cha kampuni. Kama hujui zaidi ya inachojua kampuni, kila shilingi 1,000 unayoweka inarudi 950 kwa wastani, uweke dau dogo au kubwa. Dau dogo linakuchelewesha tu kufika chini. Mkeka, yaani mechi kadhaa kwenye dau moja ambazo lazima zote zishinde, ndio mbaya zaidi: mechi 5 za 1.90 zinakupa odi 24.76, wakati haki yake, kila mechi ikiwa nusu kwa nusu, ni 32. Hapo kila 1,000 inarudi kama 774. Sishangai kwamba bonasi hutolewa kwa wenye mikeka ya timu nyingi.

Hata John Kelly, aliyekuwa kwenye maabara ya utafiti ya Bell Labs kule Marekani na aliyetoa mwaka 1956 kanuni ya dau inayotajwa sana na wapangaji wa mtaji, hesabu yake inasema hivyo hivyo. Ukiingiza uwezekano wa asilimia 50 kwa odi 1.90, jibu linatoka hasi. Maana yake usiweke hata shilingi. Kanuni ya kukuambia uweke kiasi gani inataka kwanza uwe na sababu ya kuweka.

Basi nikaanza kuitafuta sababu. Kwenye daftari nikachora safu mbili: odi niliyoichukua, na odi ya mwisho kabla ya filimbi ya kwanza. Sikutegemea kushinda na kushindwa, kwa sababu matokeo yanadanganya kwa muda mrefu. Sarafu ukiirusha mara 100, kupata vichwa 55 si ajabu. Odi ya mwisho ni shahidi bora, maana hadi saa hiyo vikosi vimetajwa, hali ya hewa inajulikana na wenye hela nyingi wameshaweka. Ukiwa kila mara unachukua juu ya odi ya mwisho, unajua kitu.

Kwenye Ligi Kuu ya England safu zangu zililingana, au nilikuwa chini. Nikaiacha, ingawa ndiyo ligi ninayoipenda kuitazama. Kwenye ligi yetu ya Tanzania nikaona tofauti. Timu ya Dar imetoka kucheza mechi ya CAF, ya mashindano ya klabu za Afrika, katikati ya wiki, imesafiri usiku, halafu inapanda Mbeya, mita kama 1,700 juu ya bahari, kucheza uwanja wa Sokoine. Anayefuatilia mazoezi na safari za timu anajua nani atapumzishwa kabla odi haijashuka. Mechi moja ya namna hiyo nilichukua chini ya mabao 2.5 kwa 2.05. Odi yake ya mwisho ilikuwa 1.85, na ya upande wa pili 1.95. Ukiondoa ziada ya kampuni, uwezekano wa kweli ni kama asilimia 51.3. Zidisha kwa 2.05 unapata 1.05, yaani faida ya shilingi 50 kwa kila 1,000. Mechi ile nilipoteza, na mpaka leo nalihesabu kuwa dau zuri.

Lakini kuna kodi ya ushindi, ambayo wengi hawaiingizi kwenye hesabu. Tuseme inakatwa asilimia 10 ya ulichopata juu ya dau. Faida yote ya mechi ile inayeyuka. Unabaki sifuri au chini kidogo. Ndiyo maana nikaongeza kiwango: kama makadirio yangu hayaizidi odi kwa pengo linaloweza kubeba kodi na bado likabaki, sigusi. Mechi za namna hiyo ni chache mno. Zipo wiki nyingi zinazopita bila dau, na kwa mtu aliyezoea mkeka wa kila Jumamosi hilo ni gumu kuliko hesabu yote hii.

Kelly anaruhusu dau kubwa zaidi ya lile ninaloweka. Mimi huchukua robo ya anachosema, kwa sababu makadirio yangu ya uwezekano yanaweza kukosea, na kanuni yake haisamehi anayejikadiria juu. Hapo ndipo mtaji uliopangwa unapofanya kazi yake hasa: unanibakiza mchezoni wakati wa kupoteza mfululizo, ili pengo dogo lipate muda wa kuonekana.

Faida imekuja, ndogo. Kampuni mojawapo ninayoitumia imeshashusha dau la juu ninaloruhusiwa kwenye mechi za ligi yetu. Za England imeniachia nicheze nitakavyo.