Nilivyokaa wodini wiki nzima ndo nikaelewa kwa nini manesi walikuwa hawautumii mfumo

Jamani naomba niandike hili, maana kila nikikutana na watu wa IT wenzangu wanaofunga mifumo hospitalini nasikia wimbo uleule, ooh wahudumu wa afya hawapendi mabadiliko, ooh wale wa zamani kompyuta haziwaingii. Na mi nilikuwa nasema hivohivo. Nilikuwa nakosea sana na kuna watu niliwaonea kwa maneno yangu.

Mfumo wa kompyuta wa kuingizia taarifa za wagonjwa ulivyoletwa kwetu tulifanya semina ya siku mbili ukumbini, projekta ipo, watu wamesaini mahudhurio, maswali hakuna, nikaondoka najua kazi imeisha. Wiki ya tatu nikaingia kuangalia taarifa za wodi moja nikashtuka. Wodi nzima wanatumia jina la mtu mmoja kuingilia. Presha za asubuhi, za mchana, za jioni, zote zimeingizwa ndani ya nusu saa kabla ya kukabidhiana zamu. Halafu kuna siku wagonjwa kumi na kitu wote joto lao ni 36.5, yani wote, wakati wawili kati yao walikuwa wanatibiwa homa kali. Hiyo ilinitisha kuliko yote kwa sababu kuna daktari mahali anaisoma ile namba na anaiamini.

Uongozi wakataka kutoa barua za onyo. Nikaomba wanipe wiki moja kwanza nikakae hukohuko wodini, zamu za mchana na za usiku.

Nilichokiona ni hiki. Sista mkuu wa wodi, mama mtu mzima, kazi anaijua mpaka basi, anapita kitanda kwa kitanda anapima, na amejibandikia kipande cha plasta nyeupe kwenye aproni, pale ndo anaandika, kitanda cha 7 130/80, cha 8 110/70, kwa kalamu ya wino. Akimaliza anahamishia kwenye chati ya mgonjwa. Halafu kwenye rejista. Halafu kwenye kitabu cha ripoti ya zamu. Kompyuta ni mara ya tano anaandika kitu kilekile! Na hiyo kompyuta iko ofisini mwisho wa korido, akifika mfumo umeshamtoa kwa sababu ukiuacha dakika 5 unajifunga, paswedi herufi 12, na akiwa katikati mgonjwa anaita, anaenda, akirudi anaanza upya. Nikachukua saa nikapima, mgonjwa mmoja ilikuwa dakika 4, skrini sita anapita. Usiku ule wagonjwa 28 manesi wawili. Piga hesabu mwenyewe, ni karibu saa mbili za nesi mmoja anabofya tu, na kuna dripu za kubadilisha na dozi za saa sita usiku.

Nikamuuliza, sista, mbona pale kwenye semina hukusema? Akaniangalia akaniambia, "Mwanangu, mganga mkuu alikuwa amekaa mstari wa mbele. Ulitaka nisimame niseme kibodi inanishinda, mbele ya mabinti niliowafundisha kazi mimi?"

Hapo niliishiwa maneno.

Chuoni tulisoma mambo ya mtafiti Fred Davis wa mwaka 1989, kwamba mtu anakubali teknolojia kwa kuangalia vitu viwili, inanisaidia kwenye kazi yangu? na ni rahisi kutumia? na katika utafiti wake lile la kusaidia lilikuwa na uzito zaidi. Mwaka 2003 Venkatesh na wenzake wakaja kuunganisha nadharia kadhaa wakaweka pia watu wanaokuzunguka wanasemaje, na mazingira yanakuwezesha au hayakuwezeshi. Nilikariri nikajibia mtihani nikafaulu. Ila pale wodini ndo niliona maana yake, kwamba mfumo wetu faida yake yote ilikuwa inaenda kwa watu wa takwimu, nesi yeye alikuwa analipa gharama tu. Na wala sio sisi peke yetu, Cedars-Sinai kule Los Angeles mwanzoni mwa 2003 walisimamisha mfumo wao wa kuandikia maagizo ya dawa baada ya madaktari kuukataa, hospitali kubwa yenye pesa.

Basi nikarudi kwa uongozi na daftari langu. Barua za onyo zikawekwa pembeni. Kitu kigumu kuliko vyote kilikuwa kuiondoa rejista, maana mtu wa takwimu alikuwa haamini ripoti ya mfumo, ikabidi wiki kadhaa tukae tunalinganisha rejista na ripoti mstari kwa mstari mpaka akaridhika. Nawaambia kabisa, kama hamwezi kuondoa hata karatasi moja msiwaletee watu mfumo, mnawaongezea mzigo. Sehemu za lazima kujaza tukazipunguza, skrini zikabaki mbili. Laptopu ikawekwa juu ya toroli ikawa inaenda kitandani na nesi. Jina la kuingilia kila mtu akapewa lake siku anayoripoti, kwa sababu kumbe walikuwa wanaazimana kwa vile mgeni alikuwa anasubiri la kwake wiki mbili tatu, na nikakaa nao nikawaeleza kwamba jina lako mle ndani ni saini yako, dawa ikitolewa kimakosa kwa jina lako wewe ndo utaulizwa. Hilo walilielewa haraka mno.

Mafunzo nikaacha ya ukumbini. Watu wawili wawili, dakika 20, kwenye toroli lao, kwa wagonjwa wao. Sista mkuu nilimfundisha peke yake baada ya zamu, mlango umefungwa, siku nne. Siku ya tano akawa anawaelekeza wale mabinti, na neno lake wodini lina nguvu kuliko langu mara kumi.

Ila kilichowageuza kweli ni majibu ya maabara. Zamani nesi anatembea mpaka maabara kufuata karatasi, usiku. Tulivyounganisha maabara na mfumo, usiku mmoja nesi yuko kwenye toroli anaona HB ya mtoto, yani wingi wa damu, imeingia, 4.8, iko chini mno, akampigia daktari palepale na damu ikaanza kutafutwa muda uleule. Asubuhi stori ilikuwa imezunguka wodi zote, na wodi nyingine wakaanza kunifuata wenyewe kuuliza sisi lini.

Umeme na mtandao vikikata tuna fomu moja fupi ya karatasi, iko kwenye droo ya toroli, wanaijua.

Madaktari bado. Wengine kwenye raundi wanasema kwa mdomo, intani ndo anaandika kwenye mfumo, wakati mwingine saa nzima baadae na kwa kukumbuka tu, na dozi sio kitu cha kukumbuka. Nimeshaomba ruhusa nitembee nao raundi wiki mbili, na saa yangu na daftari.