Ukibadilisha jina la ukurasa mzazi, wakumbuke wajukuu

Wiki hii niko kwenye tovuti ya mteja mwenye matawi Mwanza, Arusha na Tanga. Ni WordPress, programu ya kuendeshea tovuti. Kila tawi lina ukurasa wake wa mawasiliano: /matawi/mwanza/mawasiliano, /matawi/arusha/mawasiliano, na vivyo hivyo Tanga. Jina la mwisho ni lile lile na hakuna ugomvi, mradi wazazi, yaani kurasa zinazotangulia kwenye anwani, ni tofauti. Akina Juma ni wengi mtaani, ubini ndio unaowatofautisha.

Napenda sana jinsi hili lilivyopangwa ndani. Njia nzima haikuandikwa popote kwenye hifadhidata. Fungua jedwali la wp_posts: kila ukurasa una jina lake fupi kwenye post_name, na namba ya mzazi wake kwenye post_parent. Wa juu kabisa ana 0. Programu inapanda kutoka kwa mtoto hadi kwa babu, inaunga majina kwa mkwaju (/). Ndiyo maana get_page_by_path('mawasiliano'), amri ya kutafuta ukurasa kwa njia yake, hairudishi kitu hapa, kwa kuwa inatafuta ukurasa usio na mzazi. Ipe 'matawi/mwanza/mawasiliano', utaupata.

Sasa mteja anataka "matawi" iwe "vituo". Neno moja tu, na anwani za watoto na wajukuu wote zinageuka papo hapo. Hapo ndipo nawasihi wenzangu msikimbilie kubonyeza. Makala ya kawaida ikibadilishwa jina, WordPress hutunza jina la zamani na kumwelekeza msomaji. Kwa kurasa zenye ngazi haitunzi. Hubahatisha kwa kutazama jina la mwisho, na hapa yapo matatu yanayofanana! Mtu wa Mwanza anaweza kuangukia namba ya simu ya Arusha, wala asijue. Hilo kwangu ni baya kuliko kumwambia ukurasa haupo, maana viungo hivyo vimeshasambaa WhatsApp na vimechapwa kwenye risiti.

Kwenye Apache, programu ya seva inayohudumia tovuti, dawa yake ni mstari mmoja (301 maana yake anwani imehama kwa kudumu):

RedirectMatch 301 ^/matawi/(.*)$ /vituo/$1

Ndani ya templeti (faili za mwonekano wa tovuti) siandiki njia kwa mkono kabisa. Naita get_permalink(), inayotoa anwani ya sasa, kwa namba ya ukurasa, basi, hata wakihamisha Tanga kesho kiungo kitafuata.

Halafu napima kila anwani ya zamani kwa curl -IL, amri inayofuata anwani na kuonyesha majibu ya seva. Nataka 301, kisha 200 (ukurasa umepatikana), na mstari wa Location, wenye anwani mpya, utaje tawi lile lile nililoliomba.