Kompyuta Tu, Shemeji

Shemeji yangu alikuja Jumamosi usiku akanikuta naitazama filamu ya Tron ya mwaka 1982, na aliyoyasema akiwa bado amesimama mlangoni anavua viatu yamekataa kunitoka. "Kumbe yote hii ni kompyuta tu?" Nikamjibu, "Si yote, shemeji." Akacheka. "Basi kama kompyuta ndiyo inayofanya kazi, wewe wa video za harusi unalipwa nini?"

Wiki hii Mama ametolewa mtoto wa jicho na binti yetu amechaguliwa kuingia kidato cha tano, lakini mimi ningali pale mlangoni nikitafuta la kumjibu. Kinachoniuma ni kwamba alikuwa ananyooshea kidole ile mistari inayowaka kwenye mavazi ya waigizaji, na hiyo ni kazi ya mikono. Waigizaji walipigwa picha kwa filamu nyeusi na nyeupe ya milimita 65, kwenye jukwaa jeusi; kisha kila fremu ikakuzwa juu ya filamu angavu, mafundi wakaziba sehemu zisizotakiwa kupitisha mwanga, na taa za rangi zikamulikwa kutoka nyuma, sehemu kubwa ya kazi hiyo ikifanyika Taiwan. Picha zilizoundwa na kompyuta peke yake, kama zile pikipiki za mwanga zinazokata kona bila kupunguza mwendo, hazifiki hata nusu saa. Hata hivyo Steven Lisberger, aliyeiongoza filamu hiyo, amewahi kusimulia kwamba haikuteuliwa kuwania Oscar ya athari za picha kwa sababu kutumia kompyuta kulionekana ni udanganyifu. Kwa hiyo shemeji ana wenzake Hollywood, tena wenye heshima zao.

Jibu nimekwisha kulitunga nikiosha vyombo: jembe nalo halilimi lenyewe, shemeji. Ni zuri, ila limechelewa.

Jana usiku nikaweka Tron: Legacy ya 2010 ili nijiliwaze, nikaishia kucheka peke yangu. Humo Jeff Bridges amerudishwa ujanani ili awe Clu, programu ya kompyuta yenye sura yake ya zamani, na kila uso ule unapozungumza, midomo inakwenda lakini mashavu hayaifuati. "Huyu sasa ndiye kompyuta tu!" nikasema kwa sauti, hadi binti akauliza nagombana na nani. Wala si kweli, maana Bridges mwenyewe aliuigiza uso huo akiwa amevaa kofia yenye kamera ndogo zilizoelekezwa usoni pake.

Binti anataka sasa tutazame Tron: Ares ya 2025, ambamo programu inatoka katika ulimwengu wake na kuja katika huu wetu. Nimemwambia amwalike baba yake mdogo, na safari hii nitakaa karibu naye.

Tatizo ni tanki la maji, ambalo limeanza kuvuja upande wa jikoni, na mwenye nyumba hapokei simu.