Unga wa kuchezea wa kupikwa: ninavyoutengeneza kwa watoto hapa Kitangiri, Mwanza

Watoto ninaoshinda nao ni wa akina mama wanaokwenda Mwaloni, soko la samaki. Mwanamke anayenunua dagaa kwa jumla pale Kirumba hawezi kuhangaika na mtoto wa miaka mitatu alfajiri katikati ya makuli na mikokoteni, kwa hiyo ananiachia mimi, na kumfuata mchana au jioni kutegemea soko limekwendaje. Wakishakunywa uji wanataka kitu cha kushika. Midoli huwachosha upesi. Kinachowatuliza mpaka jua lipande ni kile wanachoweza kukiminya, kukibomoa na kukianza upya, na wazazi wananiuliza kila mara ninakitengenezaje. Nimeona niandike.

Kwetu Usukumani kitu hicho ni udongo. Mtoto wa mchungaji hafundishwi kufinyanga. Anakaa chini ya mti ng'ombe wakila, anachota tope, na jioni ana zizi zima: madume yenye nundu na pembe, majike, ndama waliolala. Mimi nimekulia Magu, na ningekuwa bado kijijini nisingetafuta kingine. Udongo wa kichuguu ukichekechwa na kulowekwa usiku kucha hauna mpinzani.

Mjini habari ni nyingine. Udongo laini ulio karibu nasi ni wa kando ya ziwa, na mtoto hauchoti bila kuingia majini. Ziwa letu lina kichocho. Vijidudu vyake hukulia ndani ya konokono wadogo wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, kisha hutoka, huogelea, na hupenya ngozi ya mtu aliyesimama humo. Si lazima anywe hayo maji. Kusimama yakiwa magotini huku anachota tope kunatosha. Ongeza mifereji inayoteremka kutoka kwenye milima yetu ya mawe wakati wa mvua na kumwaga kila kitu ufukweni. Mtoto niliyekabidhiwa na mama yake siwezi kumpeleka huko kwa ajili ya mchezo.

Plastisini ya dukani nilinunua. Haikauki kwa kuwa imechanganywa na mafuta, lakini asubuhi yenye baridi inakuwa ngumu, na vidole vya miaka mitatu haviwezi kuilainisha. Wakubwa waliifurahia, wadogo wakaiacha.

Ndipo nikageukia unga wa ngano. Wengi wanaokufundisha watakwambia uchanganye unga, chumvi na maji ya kawaida, ukande, basi. Huo nimeuona kwa majirani: siku ya kwanza unanata vidoleni, baada ya siku chache unaanza kuchacha na kutoa harufu. Na kuna jambo kubwa zaidi ambalo watu hawalifikirii. Unga wa ngano ni kitu kibichi. Ngano inatoka shambani, inasagwa, inafungwa. Hakuna mahali imepikwa. Bakteria wa kuhara kama salmonela wanaweza kuwemo, na moto ndio unaowaua. Chapati tunaipika kwa hiyo hatuna wasiwasi, ila mtoto anayechezea donge bichi atatia vidole mdomoni tu, hata umkataze vipi. Kwa hiyo mimi naupika, na tangu nianze kuupika sijaona sababu ya kuwapa wadogo ule mbichi.

Nikisema kupika, si kuoka. Ni kusonga, kama ugali.

Kikombe kimoja kitumike kupimia kila kitu. Unga wa ngano vikombe 2, chumvi nusu kikombe, maji kikombe 1 na nusu, mafuta ya kula vijiko 2 vya chakula, maji ya ndimu vijiko 2. Chumvi naiyeyusha kwanza kwenye maji ya moto, peke yake, na hapa naomba mtu asipaharakishe. Sokoni chumvi ya mawe ni rahisi, lakini chembe zake zikibaki nzima zinakwaruza mikono na unga unakuwa kama una mchanga. Tena maji yana kiasi chake cha kupokea: gramu 100 za maji hubeba takriban gramu 36 za chumvi, zaidi ya hapo inakaa chini hata ukoroge mpaka kesho. Vipimo hivi vinakaribia kabisa mpaka huo. Kwa hiyo nikiona chumvi imebaki chini ya sufuria, nachuja kwa kitambaa safi, naendelea na maji peke yake.

Maji ya chumvi yakiwa yamepoa kidogo natia ndimu na mafuta, kisha unga wote, nakoroga nje ya moto hadi mabonge yaishe. Unakuwa kama uji wa chapati za maji uliozidi uzito. Ndipo naubandika kwenye moto mdogo. Kwenye jiko la mkaa napunguza mkaa, maana moto ukiwa mkali chini unaungua kabla ya katikati kuiva.

Dakika za mwanzo huoni kitu. Halafu chini kunaanza kushika, mwiko unakuwa mzito, vinatokea vipande vilivyoganda ndani ya uji, na ukitazama vibaya utadhani umeharibika. Haujaharibika. Wanga ukipata joto hunywa maji na kuvimba, ndiyo kazi inayofanyika humo ndani. Endelea kugeuza na kubinya kwenye kuta za sufuria. Muda si mrefu vipande vinashikana, donge linaachia sufuria na kuzunguka na mwiko, na ule weupe wa unga mbichi unageuka rangi ya maziwa ya mgando, na unang'aa kidogo. Libonyeze kwa kidole kilicholowa maji: likinata, bado, likirudi bila kuacha kitu kidoleni, epua. Naliweka kwenye sinia, nalifunika kwa kitambaa mpaka livumilike mkononi, kisha nalikanda vizuri kama la chapati. Kukanda huku ndiko kunakoleta ulaini. Ukikanda kidogo tu linakuwa na mipasuko.

Kufikia uamuzi wa kutumia ndimu kulinisumbua. Si kwamba ndimu hazipo. Maelekezo ya wenzetu wa nje yanataka krimu ya tatari, ungaunga mweupe mchachu unaotokana na masalia yanayoganda kwenye mapipa ya divai ya zabibu. Nimeuliza maduka ya vifaa vya keki mjini nikarudi mikono mitupu. Nikajiambia, kinachotakiwa ni uchachu. Uchachu ndio unaosaidia donge livutike bila kukatika na kuchelewesha ukungu. Nikajaribu ndimu, nikajaribu na siki. Siki inafanya kazi ileile ila harufu yake watoto hawaipendi. Ndimu inatosha, na donge linanukia vizuri.

Wanaodhani kuna siri kubwa kwenye donge la dukani wajue lilikotoka. Huko Cincinnati, Marekani, kampuni ya Kutol ilikuwa ikitengeneza donge la kusafishia karatasi za kupamba kuta tangu miaka ya 1930. Nyumba zilipashwa joto kwa makaa ya mawe, masizi yakashika ukutani, na donge lile lilipitishwa juu yake kuyabeba. Watu walipohamia kwenye nishati safi zaidi, masizi yakaisha na biashara ikayumba. Mwalimu wa watoto wadogo, Kay Zufall, shemeji yake Joe McVicker wa kampuni hiyo, akawapa watoto wake walichezee. Mwaka 1956 likaingia sokoni kama kitu cha kuchezea kwa jina la Play-Doh. Sehemu kubwa ya donge hilo ni unga wa ngano, maji na chumvi. Vyote viko jikoni kwako.

Rangi ndiyo sehemu ninayoipenda. Binzari ya manjano, kijiko kimoja kwenye maji kabla ya unga, inatoa njano ya kuwaka. Ndimu inaisaidia ibaki njano, kwa sababu binzari ikikutana na magadi hugeuka nyekundu. Wavalishe watoto nguo za kuchezea, binzari haitoki kirahisi. Kwa nyekundu nachemsha rozela, nachuja, na kutumia maji yake badala ya maji matupu. Rozela ina uchachu wake tayari, kwa hiyo ndimu napunguza, na donge linatoka rangi ya waridi iliyokolea. Kakao inatoa kahawia ya kuundia ng'ombe na mitumbwi. Kijani ndiyo imenishinda kwa majani: maji ya mchicha yakichemka pamoja na ndimu yanafifia na kuwa rangi ya majani makavu. Kijani na bluu natumia rangi ya keki, matone machache tu.

Mama mmoja alikuja jioni, akakuta watoto wamekaa na donge, akasita mlangoni.

"Shikamoo mama. Jamani, unga wote huu si ungekuwa chapati?"

Nikamwitikia marahaba na kumketisha, maana swali lake ni la haki kabisa. Unga una bei, na wapo watu wanaolala bila kula. Nilimweleza kwamba vikombe viwili vinawachezesha watoto hawa kwa wiki kadhaa, na kwamba mara nyingi nachukua dukani ule uliokaa mpaka ukaingia wadudu, ambao mwenye duka ananiuzia kwa bei ya chini. Nauchekecha, naupika. Wenye ukungu au harufu ya uvundo siuchukui hata wa bure. Sasa hivi mama huyo ndiye anayeniletea ndimu.

Na cha kufanya nao hawahitaji kuambiwa. Kuna kijana wangu wa miaka mitano ambaye haundi kitu kingine zaidi ya dagaa. Anakata kipande kama punje ya mahindi, anakisokota kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka kiwe chembamba huku na huku, anabonyeza jicho kwa njiti, anamlaza kwenye ungo. Mmoja baada ya mwingine, kwa mistari. Ungo ukijaa anaanza kuwageuza.

"Babu, unawageuza kwa nini?"

"Bibi, hawajakauka huku chini."

Hicho ndicho mama yake anachofanya kutwa juani, na yeye amekitazama vizuri kuliko tulivyodhani. Mwenzake wa kike anaunda sato, na magamba anayachora kwa meno ya kitana kilichovunjika. Nilimpa vifuniko vya soda, chupa ya kusukumia na vijiti butu. Kisu sitoi. Wengine wamelijenga jiwe la Bismarck, lile la ziwani, kwa kupachika bonge juu ya bonge, na kazi kubwa ilikuwa kulizuia la juu lisianguke.

Hali ya hewa ya huku ziwani inahitaji uangalizi. Chumvi huvuta unyevu, kwa hiyo kipindi cha masika donge linalowa lenyewe na kuanza kunata. Hapo nalirudisha kwenye sufuria kavu, moto mdogo, nikiligeuza mpaka unyevu utoke, na kukanda tena. Kiangazi ni kinyume: linakauka pembeni na kupasuka, basi nalowesha mikono, napaka mafuta kidogo, nakanda. Nalihifadhi kwenye makopo ya siagi yenye mfuniko unaobana, kila rangi kopo lake, mahali penye kivuli. Likipoa kabisa ndipo nafunika. Ukifunika la moto, mvuke unageuka maji na ukungu unakuja haraka. Likiota madoa au kubadilika harufu natupa, hata kama nimelipika juzi.

Kwenye usalama nasema bila kuzunguka. Donge hili limepikwa lakini si chakula. Chumvi iliyomo ni nyingi mno, na mtoto mdogo akila bonge zima anaweza kuumwa kweli. Wa chini ya miaka miwili siwapi. Wa miaka miwili na mitatu nakaa nao mkekani mpaka wamalize. Mtoto ambaye ngano inamdhuru asiliguse, na mwenye kidonda kidoleni asubiri, chumvi itamchoma. Mbwa asilipate. Kuku pia, na uani kwangu kuku ndio hatari zaidi, kwani kila chembe inayodondoka wanaikimbilia na chumvi nyingi inawaua. Mchezo ukiisha tunafagia kwanza, tunanawa mikono, ndipo banda linafunguliwa.

Swali la mwisho ninaloulizwa ni kuhusu kazi ya kupeleka nyumbani. Donge la kupikwa halikauki vizuri. Linapasuka, mkia wa samaki unadondoka njiani. Kwa kitu cha kutunza natengeneza lingine, bila kupika na bila mafuta: unga vikombe 2, chumvi laini kikombe 1, maji kikombe 1 nikiyatia kidogo kidogo. Hili nawapa wale wakubwa tu, wanaojua kutotia mikono mdomoni, na wananawa kwa sabuni baadaye. Wanaunda vitu vyembamba, visizidi unene wa kidole changu kidogo, tunavianika kivulini kwanza ili visipasuke, kisha juani, tukivigeuza kila siku. Mwenye oveni aoke kwa moto wa nyuzi 100 kwa saa kama tatu. Vikishakuwa vigumu wanapaka rangi ya maji. Mvua zikianza mwambieni mtoto akiweke ndani, mbali na dirisha, maana chumvi itaita unyevu na mtumbwi utalegea.