Titi la sufi na shanga, nilivyolipima kwa ndoo

Naandika hili nikiwa na hasira kidogo, maana tangu nitolewe titi la kushoto kwa sababu ya kansa watu wamenishauri kila kitu isipokuwa nilichokihitaji. Shangazi kaleta majani ya mstafeli, jirani kanikataza hata sukari ya chai, mwingine akaniambia we shukuru uko hai, titi la nini na kuzaa ushamaliza. Namshukuru Mungu sana tu. Lakini hata anayeshukuru anataka kupanda daladala bila kukumbatia pochi kifuani safari nzima.

Dripu nyekundu za dawa ya kansa nilizimaliza zote nne, ile ambayo hata mkojo unatoka mwekundu, nywele zikaondoka, nikaenda mionzi hospitali ya Ocean Road ngozi ikababuka ikawa nyeusi tii. Vyote hivyo unahesabu siku unajua vina mwisho. Kifua hakina, kila asubuhi uko nacho mbele ya kabati.

Kovu lilipokauka vizuri nikaanza kuweka kanga niliyoikunja ndani ya sidiria. Siku moja kwenye mwendokasi nimeshika bomba la juu, ikapanda taratibu mpaka karibu na mtulinga, nikashuka kituo ambacho si changu nikalia. Nikajaribu mchele ndani ya soksi, huo ulikaa vizuri jamani, una uzito na unalegea kama titi lenyewe, nikasema basi nimepata. Ilikuwa Januari, joto la Dar mnalijua. Siku ya tano hivi nikaanza kusikia harufu ya kitu kilichochacha na sijui inatoka wapi, kumbe jasho limeingia kwenye mchele. Kuanzia hapo msinishauri nafaka yoyote.

Nikahamia kwenye sufi, ile ya kujazia mito. Safi, laini, kovu halikwaruzwi, ila nyepesi mno. Sidiria ikawa inapanda upande mmoja, na mwezi haujaisha shingo na mgongo vinauma usiku hata silali. Mwenye ugonjwa huu anajua nilifikiria nini. Nilidhani umeshahamia kwenye mifupa, nikakaa nalo moyoni wiki nzima sijamwambia hata mume wangu. Daktari akanipima, mifupa mizima. Aliyegundua ni dada wa mazoezi ya viungo, yule aliyenifundisha kutambaza vidole ukutani na kuweka alama ya chaki kila siku mpaka mkono ukanyooka (shangazi alitaka niulaze tu, ningemsikiliza bega lingeganda). Akasimama nyuma yangu akaangalia, akasema, "Mama, upande mmoja umebeba mzigo, mwingine mtupu, bega la kushoto limepanda. Unahitaji uzito." Mwaka mzima hakuna aliyeniambia kwamba titi ni uzito, wote walikuwa wanaongelea urembo.

Titi la bandia la silikoni niliulizia dukani, laki kadhaa, nikarudi nyumbani. Sasa uzito gani? Titi huwezi kuliweka kwenye mzani. Nilichofanya, nikachukua ndoo ndogo nikaijaza maji ya vuguvugu mpaka ukingoni kabisa, nikaitenga ndani ya beseni kavu, nikajifungia bafuni, nikainama nikalizamisha titi la kulia lote mpaka mbavu zikagusa ukingo. Maji yaliyomwagika kwenye beseni nikayapima kwa jagi lenye mistari, mililita mia sita na kitu. Mililita moja ya maji ni gramu moja na titi halipishani sana na maji, kwa hiyo nikajua nataka kama gramu 600. Nilirudia mara tatu, jibu lilelile, furaha niliyotoka nayo bafuni siwezi kueleza.

Nikaenda Kariakoo nikanunua shanga za kioo, elfu kumi na kitu hivi. Nikazishonea kimfuko chake peke yake nikakiweka chini na nyuma, maana uzito ukikaa juu titi linatazama mbele kama la msichana na halifanani na mwenzie. Sufi ikajaza iliyobaki. Kitambaa ni fulana kuukuu ya pamba, mshono wote nimeutupa mbele ili upande wa kovu usiwe na kitu cha kukwaruza. Halafu sidiria lazima uishonee mfuko kwa ndani, bila mfuko kazi yote ni bure. Shona mawili, moja likifuliwa lingine unavaa, sufi inachelewa kukauka.

Shingo iliacha kuuma kama wiki ya tatu. Eid nilivaa gauni la kubana kifua, nikapakua pilau kwa mikono yote miwili, hakuna aliyeniangalia mara mbili.

Ndoo sasa iko Temeke kwa mama tuliyelazwa vitanda jirani. Kanipigia jana usiku, lake mililita 850, shanga nilizompa hazijatosha, Jumamosi tunaenda Kariakoo wote.