Saa ya meli inaruhusiwa kukosea

Ukisoma habari za kronomita, saa ya melini ya kutafutia longitudo (umbali wa mashariki au magharibi), unaweza kudhani kwamba watu walihangaika miaka yote ile wakitafuta saa isiyokosea. Saa ya namna hiyo haikuwahi kupatikana, na mabaharia walifika bila hiyo. Kilichotafutwa ni saa ambayo kosa lake la leo ni lilelile la jana na la kesho. Saa inayotangulia sekunde 4 kila siku, bila kubadilika, inafaa kuliko ile inayotangulia sekunde 1 leo na kuchelewa 2 kesho.

Hesabu yake si ngumu. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa, au nyuzi 1 kwa kila dakika 4. Ukijua jua limefika juu kabisa hapo ulipo, na ukajua Greenwich, Uingereza, ambako longitudo huanzia sifuri, ni saa ngapi wakati huohuo, tofauti yake inakupa longitudo. Karibu na ikweta, kila sekunde 4 za kosa ni maili 1 ya baharini, mita 1,852. Kwenye latitudo ya nyuzi 60 umbali huo hupungua nusu.

Wazo hili lilitolewa na mwanahisabati Gemma Frisius mwaka 1530, ila saa ya kulitekeleza haikuwepo. Saa ya pendulamu ya Christiaan Huygens, ya mwaka 1656, ilikwenda vizuri nchi kavu, lakini meli ikiyumba pendulamu nayo huvurugika. Hata kwenye sakafu tulivu kuna kikwazo kingine: mwaka 1672 Jean Richer aliona saa iliyorekebishwa Paris ikichelewa takriban dakika 2 na nusu kwa siku kule Cayenne, kwa sababu karibu na ikweta mvutano wa dunia ni mdogo zaidi.

Mwaka 1714 Bunge la Uingereza liliahidi pauni 20,000 kwa njia yoyote ambayo kosa lake halizidi nusu nyuzi baada ya safari ya kwenda West Indies, visiwa vya Karibi. Nusu nyuzi ni dakika 2 za saa. Ukigawa kwa safari ya wiki 6, unabaki na karibu sekunde 3 kwa siku. John Harrison, fundi seremala, alianza na mashine kubwa na nzito, kisha mwaka 1759 akamaliza H4, saa yake ya nne, ya kipenyo cha sentimita 13 hivi, inayopiga mara 5 kwa sekunde. Kasi hiyo ndiyo siri yake: gurudumu linaloyumba harakaharaka halisumbuliwi sana na mawimbi, ambayo huitikisa meli polepole.

Katika safari ya Jamaica ya 1761 hadi 1762, H4 inasifiwa kwa kuchelewa sekunde 5.1 tu katika siku 81. Wanaoisifu mara nyingi husahau kusema kwamba hesabu hiyo imeshaondoa sekunde 2⅔ za kuchelewa kwa kila siku. Bila kuziondoa, saa ilikuwa nyuma kwa zaidi ya dakika 3 na nusu. Ubishi ukazuka kwa kuwa kiwango hicho hakikuwa kimewekwa wazi kabla ya safari, na hapo mimi niko upande wa Bodi ya Longitudo, iliyoamua nani apewe zawadi ile: kiwango kinachotajwa baada ya kufika hakithibitishi chochote. Safari ya Barbados ya 1764 kilitajwa mapema, na kosa likawa sekunde 39 kwa siku 47, chini ya maili 10.

Adui mkubwa wa kiwango ni joto. Springi nyembamba ya chuma hulegea joto likipanda, na saa isiyo na kinga huchelewa zaidi ya sekunde 10 kwa siku kwa kila nyuzi 1 ya sentigredi. Mafundi waliomfuata Harrison, kama Arnold na Earnshaw, waliukata ukingo wa gurudumu la kuyumba mara mbili na kuutengeneza kwa metali mbili zilizoshikamana, shaba nje na chuma ndani. Shaba hutanuka zaidi, kwa hiyo joto likipanda ncha za ukingo hujikunja kuelekea katikati, gurudumu likawa jepesi kuyumbisha, na kasi iliyopotea kwenye springi ikarudi.

Melini kronomita ilikaa katika sanduku, juu ya pete mbili zilizoifanya ibaki mlalo. Ilitiwa ufunguo kila siku, saa ileile, mizunguko ileile. Mishale haikuguswa. Kosa liliandikwa daftarini tu.

Saa ya kawaida ya betri inakubali utaratibu huohuo. Ilinganishe na mlio wa saa wa redio kila siku, muda uleule, kwa siku 10 au zaidi. Tuseme mwanzoni imetangulia sekunde 6, na siku 10 baadaye sekunde 10: kiwango ni sekunde 0.4 kwa siku. Baada ya siku 14 nyingine bila redio itakuwa mbele kwa 15.6, nawe utazitoa. Usipozitoa, umepotea karibu maili 4. Usiivae leo na kuiacha mezani kesho, kwa sababu fuwele inayoiongoza nayo huathiriwa na joto.

Unapopima jua, andika sekunde kwanza, kisha dakika, mwisho saa. Kosa la kusoma dakika moja zaidi ni maili 15 nzima, na hutokea mno. Usijaribu pia kukisia lini jua limefika juu kabisa, maana pale juu huonekana limesimama kwa dakika kadhaa. Pima kimo kabla ya adhuhuri, subiri lirudi kwenye kimo kilekile, kisha chukua wastani wa nyakati hizo mbili. Kama chombo kinakwenda kaskazini au kusini kwa kasi, wastani huo unahitaji marekebisho. Na adhuhuri ya jua si saa 12:00 kamili ya Greenwich (saa sita mchana) kila siku: mwanzoni mwa Novemba jua hupita pale dakika 16 na zaidi kabla. Ukisahau hilo karibu na ikweta, kosa linazidi maili 240.

Setilaiti za GPS zinaendeshwa kwa desturi hiyohiyo. Saa zao za atomu haziguswi kila zinapopotoka. Vituo vya ardhini hupima kosa na kiwango cha kila moja, na setilaiti yenyewe huyatangaza ili kipokezi chako kiyatoe. Angalia jambo moja ukitaka kurekebisha daftari lako kwa kipokezi hicho. Saa ya ndani ya GPS iko mbele ya UTC, saa rasmi ya dunia, kwa sekunde 18 tangu 2017, na tofauti hiyo hutangazwa mara moja tu katika kila dakika 12 na nusu. Kipokezi kilichokaa muda mrefu bila kuwashwa kinaweza kuonyesha sekunde zisizo sahihi hadi kiipate, kwa hiyo kiache kwanza robo saa kikiwa wazi chini ya anga.